Mama anataka kushuka Nassau, mimi naogopa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Baltimore, Marekani, na mume wangu na watoto wetu wawili. Mama yangu amekuja kututembelea kutoka Likoni, na mume wangu kwa wema wake akatukatia tiketi za meli ya kitalii sote watano. Meli inaondoka hapahapa Baltimore kwenda Bahamas, na siku moja itafunga gati Nassau kuanzia asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Zimebaki wiki sita.

Furaha yangu iliisha nilipoanza kusoma. Nimekuta kwamba Januari 2024 ubalozi wa Marekani mjini Nassau ulitoa onyo: watu 18 walikuwa wameuawa tangu mwaka uanze, wengine mchana kweupe barabarani. Siku chache baadaye serikali ya Marekani ikatoa tahadhari ya usafiri ya daraja la 2 kati ya madaraja manne. Nikaitupia habari hiyo kwenye kundi la familia la WhatsApp, khalati yangu akajibu, “Huko si ndiko polisi wetu walikopelekwa kupambana na magenge?” Tangu hapo, nikitoka zamu ya usiku hospitalini, badala ya kulala nasoma habari za Nassau.

Nimesema siku hiyo tubaki melini. Mume wangu hataki kusikia. Ameshamwahidi kijana wetu wa miaka 15 kwamba watakodi jeti-ski, zile pikipiki za majini, wakimbizane baharini. Ananiambia nimekuwa mwoga tangu nije Marekani.

Aliyenishangaza zaidi ni mama. Alifanya kazi ya kufua na kupiga pasi katika hoteli moja ya Bamburi kwa miaka mingi, hadi 2014 Waingereza walipoondoa watalii wao, hoteli ikafunga milango na yeye akarudi nyumbani mikono mitupu. Nilipomsomea onyo la ubalozi alinyamaza, kisha akasema, “Hata sisi tuliandikwa hivyohivyo.” Anataka kushuka. Amesikia Nassau kuna soko la vitu vya ukili, na yeye amesuka mikeka na vikapu tangu utotoni. Ameshanunua na viatu vya kutembelea.

Shangazi, niambie ukweli. Ni hatari au si hatari? Nimkatalie mama? Mume wangu nimwambie nini? Na tukishuka, tushuke na karatasi gani? Mimi na mume wangu tuna kadi za kijani, yaani ukaazi wa kudumu wa Marekani, na pasipoti za Kenya, watoto ni raia wa Marekani, mama ana viza ya kutembelea.

Mwenye wasiwasi, Baltimore


MAJIBU

Marahaba, mwanangu. Mfikishie mama salamu zangu, na mwambie viatu asivirudishe dukani.

Kwanza la khalati, maana ni jepesi. Polisi wa Kenya walitua Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, Juni 2024. Nassau ni mji mkuu wa Bahamas, nchi nyingine kabisa. Kati ya miji hiyo miwili kuna karibu kilomita 900, kama ndege inavyoruka kutoka Mombasa hadi Kampala. Mjibu kwa upole, kisha uache kusoma kundi hilo unapotoka kazini.

Onyo la ubalozi ni la kweli na sitakwambia ulipuuze. Polisi wa Bahamas walihesabu mauaji 110 mwaka 2023 na 120 mwaka 2024, katika nchi yenye watu wapatao 400,000. Ni msiba mkubwa kwa taifa dogo, na wanaozika ni Wabahama wenyewe. Lakini soma onyo lote usiishie kwenye namba. Ubalozi uliandika kwamba sababu kubwa ni magenge kulipiziana kisasi. Tahadhari zake zimekuwa zikitaja mitaa iliyo kusini mwa barabara ya Shirley, ambako wenyeji hukuita Over the Hill, na zikasisitiza hasa usiku. Mitaa hiyo ilianzishwa na Waafrika walioachwa huru karne ya 19, na leo inakaliwa na familia za watu wanaoamka asubuhi kwenda kazini, pengine kwenye soko hilohilo analolitaka mama. Siwasemi vibaya. Nasema tu kwamba ninyi hamna shughuli huko, na usiku meli yenu itakuwa imeshang'oa nanga.

Mwaka 2023 bandari ya Nassau ilipokea abiria wa meli zaidi ya milioni 4. Mtu anayeshuka asubuhi, akatembea mtaa wa Bay, ulio katikati ya mji, na viunga vyake, akarudi melini alasiri, uwezekano wa kukutwa na risasi ya genge ni mdogo sana. Ni mdogo, sikusema haupo. Na daraja hilo la 2 lililokunyima usingizi ndilo Kenya imekuwa nalo kwa muda mrefu, pamoja na Ufaransa na Uingereza. Ukija likizo Likoni unashuka kwenye nchi ya daraja la 2, na hujawahi kuwaambia watoto wabaki ndani ya ndege.

Hapo mama ana haki yake ya kusema, kwa sababu anajua upande wa pili wa karatasi hizi. Mei 2014 Uingereza iliwashauri raia wake wasije Mombasa bila sababu ya lazima, kampuni za utalii zikawarudisha mamia ya wageni kwa ndege kabla likizo zao hazijaisha. Mashambulio yalikuwapo, hilo hatulikani. Ila waliolipa ni wafua nguo, wapishi, mabaharia wa mashua za vioo na akina mama wa leso pale ufuoni, ambao hawakumdhuru mtu. Ndiyo maana alipokusikia ukisoma alinyamaza kwanza. Hakuwa akipuuza hofu yako, mwanangu. Usimkatalie.

Sasa nije kwa mumeo, maana ugomvi wangu mkubwa ni naye.

Jeti-ski, hapana. Tahadhari ileile ya Marekani ina sehemu ambayo watu huiruka kwa sababu haina neno bunduki. Inasema shughuli za vyombo vya starehe majini huko hazisimamiwi sawasawa, vyombo vingine havitunzwi, na watu wameumia na wengine kufa. Inasema pia kumekuwa na wanawake waliodhulumiwa kingono na waendesha jeti-ski waliowachukua ufuoni. Tena serikali ya Marekani imewakataza watumishi wake kukodi jeti-ski za watu binafsi katika kisiwa cha New Providence, ambako ndiko Nassau iliko, na Paradise Island ng'ambo ya daraja. Mwonyeshe mumeo mstari huo, usimwonyeshe ule wa mauaji 18. Hao watumishi wanaishi hapohapo Nassau, wanakwenda sokoni, wanapeleka watoto shule, na bado mwajiri wao amewaambia hicho kitu wasikiguse.

Picha yenyewe ni hii. Kijana anakuja mchangani, hana kibanda wala risiti, anataja bei nzuri. Anakupa jaketi la kuokolea maisha ambalo mkanda wake umekatika na kufungwa fundo. Hakuulizi kama umewahi kuendesha. Ukigonga mtu aliye majini, au ukigongwa, hakuna bima ya kuuliza. Ukirudi anaweza kudai umeikwaruza na umlipe dola mia kadhaa, na wenzake wamesimama nyuma yake. Kijana wa miaka 15 asiyejua mawimbi ya huko hana sababu ya kuwekwa hapo. Kama ahadi imeshatolewa na haiwezi kuvunjwa hivihivi, tazama ratiba ya safari yenu. Meli nyingi za njia hiyo hupitia pia kisiwa cha kampuni yenyewe, na huko ndiko kwa kuuliza kuhusu jeti-ski zenye msimamizi, masharti ya umri na mtu wa kuwajibika.

Kwa boti za matembezi nina neno pia. Novemba 2023 boti ya ghorofa mbili iliyokuwa na watu zaidi ya 100 kutoka Nassau kwenda Blue Lagoon Island ilianza kuzama njiani, na mama mmoja wa Kimarekani aliyepita umri wa miaka 70 akafariki. Kwa hiyo mkipanda chombo chochote, hesabuni majaketi kabla hakijaondoka, mjue yako wapi, na mama akae karibu na mahali pa kutokea, si ghorofa ya chini katikati. Bahari ikiwa imechafuka, rudini bila kuona haya hata kama mmelipa. Mama amevuka feri ya Likoni maisha yake yote. Akisema chombo kimejaa mno, msikilizeni yeye kuliko mkata tiketi.

Soko sasa. Mkitoka kwenye lango la bandari, ambayo ilikarabatiwa na kufunguliwa upya Mei 2023, mnatokea katikati ya mji. Mbele yenu kuna majengo ya waridi ya bunge, na mkienda upande wa magharibi kwa mtaa wa Bay, kwa mwendo wa mama, dakika chache mtalifika Straw Market, ndilo hilo soko la ukili. Soko la awali liliungua Septemba 2001, hili la sasa lilifunguliwa Desemba 2011. Mama asikate tamaa akiona meza za mwanzo zimejaa vitu vya kiwandani vilivyoandikwa Bahamas. Aingie ndani, atafute kina mama wenye kusuka pale walipokaa. Wanachana majani ya miti ya jamii ya mnazi inayoota porini, wanasuka ukili mrefu kisha wanaushona kwa mzunguko kuwa kofia au kikapu. Atautambua ufundi huo kabla hajaambiwa, kwa sababu waliouchukua kule walikuwa Waafrika. Aguse mshono na kuugeuza upande wa ndani, atajua mara moja kipi kimeshonwa kwa mkono. Bei inapatanwa, na dola ya Marekani inapokelewa kwa thamani sawa na ya Bahamas, hivyo bebeni noti ndogondogo na mziweke mifuko tofauti. Ila mikoba ya majina makubwa ya Ulaya inayouzwa bei ya mchicha msinunue. Ni ya bandia, na forodha ya Marekani inaweza kuichukua mkirudi.

Hatua chache kutoka sokoni kuna jumba la makumbusho liitwalo Pompey Museum, ndani ya nyumba walimokuwa wakinadiwa watumwa. Na kama magoti ya mama yanaruhusu, kuna ngazi za mawe ziitwazo Queen's Staircase, zaidi ya 60, zilizochongwa na watumwa kwenye mwamba mwishoni mwa karne ya 18. Ningekuwa mimi, ningempeleka kijana wako huko pamoja na bibi yake. Nendeni asubuhi watu wakiwa wengi. Kuna wanaojipa kazi ya kuwaeleza historia na mwishoni wanataka bakshishi. Mkimsikiliza mtu hadi mwisho mlipeni chochote, la sivyo mshukuruni mapema mpite.

Wachuuzi na wapiga debe wa nje ya lango hawatakushinda wewe. Umekulia na mabichiboi, na papasi wa Zanzibar umewasikia. Ni kazi ileile: tabasamu, swali la unatoka wapi, kisha bei. “Hapana, asante,” bila kusimama. Wakisema wakusuke nywele, bei ya kichwa kizima itajwe kabla ya msuko wa kwanza, maana wengine huhesabu msuko mmojammoja. Jambo zito ni lile linalonong'onwa kwa mvulana: bangi. Mwambie mwanao mapema, na mumeo naye asikie, kwamba Bahamas watalii hukamatwa kwa hilo. Kwa ninyi wenye kadi za kijani, kesi ya dawa za kulevya inaweza kuwafungia mlango wa kurudi Marekani. Hata kwa mzaha, asipokee kitu mkononi.

Teksi chukueni kwenye kituo chake rasmi pale bandarini, nauli ikubaliwe kabla ya mlango kufungwa, na muulize kama ni ya kila mtu au ya gari zima. Hilo ndilo linalozua kelele nyingi kuliko wizi. Mtu akikwambia gari lake liko kona ya pili, liache huko. Na mkivuka barabara, kule magari hupita kushoto kama kwetu. Watoto wenu waliozoea Marekani wataangalia upande usio wenyewe, basi washikwe mkono na bibi.

Rudini mapema. Meli ikiondoka saa kumi na moja, lango lake hufungwa kabla ya hapo, na saa ya mwisho imeandikwa kwenye ratiba ya siku mnayopewa melini. Ni saa ya meli inayohesabiwa, si ya simu. Waliotoka na matembezi ya meli yenyewe husubiriwa, mliojitembelea wenyewe hamtasubiriwa. Jipangieni kuwa ndani saa tisa na nusu. Mama atakuwa ameshachoka, na chai ipo.

Karatasi. Kila mtu ashuke na kadi yake ya meli, na kila mtu mzima awe na kitambulisho chenye picha, kwani langoni Nassau wanakiangalia mnaporudi. Wewe na mumeo leseni ya udereva inatosha. Mama hana leseni. Uliza mapokezi ya meli jioni ya kabla kama kitambulisho chake cha Kenya kitakubaliwa. Wakisema la, atashuka na pasipoti ndani ya kipochi cha kuvaa chini ya nguo, si mkobani. Kadi zenu za kijani ziacheni kwenye sefu ya chumbani, na picha zake ziwe kwenye simu zenu wote wawili na nakala moja ya karatasi. Ukiipoteza kadi ya kijani ukiwa nje ya Marekani huwezi kupanda chombo hivihivi kurudi. Ni ubalozi, ni fomu ya I-131A, ni ada na ni kusubiri, huku zamu zako hospitalini zikikungoja.

Likitokea la kutokea, polisi wanapigiwa 919 au 911. Simu ikiwa melini iwekwe hali ya ndege, maana mtandao wa baharini unakula pesa kimyakimya. Pakua ramani ya Nassau kabla hamjaondoka Baltimore.

Nimebakiza jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko Nassau yenyewe. Leo ukimaliza kusoma, fungua pasipoti ya mama ukurasa wenye viza ya Marekani. Tazama mahali pa idadi ya kuingia, palipoandikwa Entries. Kama pana herufi M, anaweza kutoka na kurudi mara nyingi. Kama pana namba 1, ameshaitumia alipotua kuja kwenu, na safari hii ya meli ni kutoka Marekani na kuingia tena. Angalia tarehe ya viza kuisha, na tarehe ya mwisho aliyopewa ya kukaa Marekani. Kisha waandikie kampuni ya meli, uwaambie wazi abiria mmoja anasafiri na pasipoti ya Kenya na viza ya kutembelea, na uulize wanataka nini kwa kuingia Bahamas na kwa kurudi Baltimore. Jibu liwe la maandishi, ulichapishe, ulitie kwenye bahasha ya safari. Uliza na serikali ya Bahamas vilevile. Abiria asiye na karatasi kamili huzuiwa gatini siku ya safari mizigo ikiwa mkononi, na nauli kwa kawaida hairudi.

Kwa wiki sita zilizobaki bado mna nafasi ya kubadili mipango kama kuna kasoro. Ukishaona kilichoandikwa kwenye viza, niandikie.

Shangazi